Lowassa na Richmond: kesi ambayo haikupata mahakama

Edward Ngoyai Lowassa alipofariki dunia tarehe 10 Februari 2024, Serikali ilitangaza siku tano za maombolezo, bendera zikapepea nusu mlingoti, na wiki moja baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akawaongoza waombolezaji katika mazishi yake huko Monduli. Kwa mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, heshima hizo ni za kawaida. Kisichokuwa cha kawaida ni namna alivyoondoka madarakani, kwa kuwa Lowassa ndiye Waziri Mkuu wa kwanza, na hadi leo wa pekee, aliyejiuzulu wadhifa huo nchini Tanzania kwa sababu ya kashfa. Miaka kumi na sita ilipita kati ya kujiuzulu kwake na kifo chake, na katika miaka hiyo alihama chama, akagombea urais, akapata kura zaidi ya milioni sita, akarudi chama chake cha awali, lakini swali lililomwangusha halikupata jibu lililokubalika kwa wote.

Wapo wanaomkumbuka kama fisadi aliyeponyoka, na wapo wanaomkumbuka kama mtendaji aliyetolewa kafara. Pande zote mbili zina ushahidi mkononi, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Kuelewa kwa nini imekuwa hivyo kunahitaji kurudi kwenye mkataba wenyewe wa umeme wa dharura uliotiwa saini na kampuni ya Richmond mwaka 2006, kwa sababu wengi wanaobishana juu ya Richmond wanakumbuka jina la kampuni kuliko kilichotokea.

Mwaka 2006 Tanzania ilikuwa gizani. Umeme wa nchi wakati huo ulitegemea zaidi maporomoko ya maji, ukame ulikuwa umeshusha kina cha mabwawa, Mtera likiwamo, na mgawo wa umeme ukawa wa saa nyingi kila siku. Viwanda vilisimama, mashine za kusaga zilinyamaza, na Serikali mpya ya Rais Jakaya Kikwete, iliyoingia madarakani mwishoni mwa 2005 kwa kura zaidi ya asilimia 80, ilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba inaweza kutenda. Katika mazingira hayo, tarehe 23 Juni 2006, TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilitia saini mkataba na kampuni iliyojulikana kama Richmond Development Company, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas, ili izalishe megawati 100 za umeme wa dharura kwa mitambo ya gesi.

Mitambo haikufika kwa wakati. Mwishoni mwa mwaka huo mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na umeme ulipoanza kupatikana, mvua zilikuwa zimekwisha kunyesha na dharura imepungua. Hata hivyo mkataba uliitaka TANESCO ilipe gharama za kuwapo kwa mitambo hiyo, iwe imezalisha au haikuzalisha, na hesabu iliyotajwa sana bungeni na magazetini ilikuwa shilingi milioni 152 kwa siku. Hiyo ndiyo namba iliyomuumiza mwananchi wa kawaida. Habari za zabuni na dhamana za benki ni ngumu kuzifuata, lakini milioni 152 kila kunapokucha kila mtu anaziona.

TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ilichunguza zabuni hiyo mwaka 2007 na haikuona rushwa. Bunge halikuridhika, na Novemba mwaka huo Spika Samuel Sitta aliunda Kamati Teule ya wabunge watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Ikumbukwe kwamba Mwakyembe na Sitta wote walikuwa wa CCM, chama cha Waziri Mkuu mwenyewe, na katika wajumbe wote watano mmoja tu alitoka upinzani. Kamati ilipowasilisha taarifa yake Dodoma tarehe 6 Februari 2008, ilieleza kuwa Richmond haikuwa na uzoefu, mtaji wala utaalamu wa kuzalisha umeme, kwamba mchakato wa zabuni ulitolewa mikononi mwa TANESCO na kushikwa na Wizara ya Nishati na Madini, na kwamba Ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa na mkono katika kuisukuma kampuni hiyo mbele. Kuhusu Lowassa mwenyewe, kamati ilimwachia apime uzito wa wajibu wake.

Kesho yake alisimama bungeni na kutangaza kwamba amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu. Alilalamika kwamba kamati ilimtuhumu bila kumhoji hata mara moja, kwamba amenyimwa haki ya msingi ya kusikilizwa, na kwamba kinacholengwa ni kiti cha Uwaziri Mkuu. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, waliondoka pamoja naye, Rais akavunja Baraza la Mawaziri, na Mizengo Pinda akateuliwa kuwa Waziri Mkuu mpya.

Hapo ndipo fundo lilipofungwa. Kamati Teule ya Bunge si mahakama: kazi yake ni kulitaarifu Bunge ili Bunge liisimamie Serikali, na inaweza kumwona mtu amekosea kisiasa bila kumwona ana hatia ya jinai. Kiongozi wa ngazi ya Waziri Mkuu anaweza kulazimika kuondoka kwa sababu tu jambo baya limefanyika katika eneo analolisimamia, hata kama mkono wake haumo. Tanzania ina mfano mzuri wa hilo. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mauaji yaliyofanywa na vyombo vya dola katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ingawa hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyeyaamuru. Kujiuzulu huko kulimjengea heshima badala ya kumvunjia, na mwaka 1985 akawa Rais.

Kwa nini kujiuzulu kwa Lowassa hakukumpeleka huko? Sababu moja ni kwamba mwenyewe hakukupokea hivyo. Mwinyi alibeba mzigo wa wengine, na umma ukaelewa. Lowassa aliondoka huku akisema ameonewa, na mtu hawezi kusema kwa wakati mmoja kwamba anabeba dhamana na kwamba hana cha kubeba. Sababu ya pili ni kwamba tuhuma dhidi yake hazikuwa za uzembe wa walio chini yake. Zilihusu upendeleo na fedha, na tuhuma za namna hiyo hazisafishwi na barua ya kujiuzulu; zinasafishwa au kuthibitishwa mahakamani.

Mahakamani hazikufika. Tofauti hapo inaonekana wazi tukiangalia mawaziri wengine wa zama zilezile. Basil Mramba na Daniel Yona walifikishwa Mahakama ya Kisutu mwishoni mwa 2008 kwa kosa la kutumia madaraka vibaya katika msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu ya Alex Stewart. Kesi yao ilichukua miaka, mashahidi wakaitwa, mawakili wakabishana, na Julai 2015 wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, adhabu iliyopunguzwa baadaye katika rufaa. Mtu anaweza kuiona hukumu hiyo kuwa nyepesi au nzito, lakini jambo lao lilifika mwisho. Kwa Richmond, hakuna waziri aliyeshtakiwa. Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU, Dk. Edward Hosea, ambaye kamati ilitaka awajibishwe kwa uchunguzi wake dhaifu, alibaki ofisini hadi Desemba 2015, alipoondolewa na Rais John Magufuli.

Wakati huohuo mkataba wenyewe uliendelea kuzaa mambo. TANESCO iliuvunja mwaka 2008 kwa hoja kwamba ulikuwa batili tangu mwanzo, Dowans ikaenda kwenye usuluhishi wa Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, na Novemba 2010 TANESCO ikaamriwa kulipa fidia iliyokadiriwa kuwa shilingi bilioni 94. Mitambo ileile iliyokuwa ishara ya ufisadi ilinunuliwa mwaka 2011 na kampuni ya Marekani ya Symbion, na pale Ubungo akafika kuitembelea Hillary Clinton akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kisha Rais Barack Obama mwenyewe Julai 2013. Wafuasi wa Lowassa walifurahia sana picha za ziara hizo. Nadhani walizipa uzito kuliko zinavyostahili: kwamba mashine inafanya kazi hakuthibitishi kwamba aliyeiagiza aliiagiza kihalali. Lakini hukumu ya bilioni 94 ilikuwa na swali zito zaidi ndani yake, kwa sababu ilionyesha kwamba Bunge liliona uozo ambao jopo la wasuluhishi halikuuona kuwa sababu ya kuuvunja mkataba.

Ili kuelewa kwa nini watu wengi walikuwa tayari kumsamehe, au kumwamini, lazima tuangalie alichokifanya kabla ya siku hiyo ya Februari. Lowassa alikuwa na sifa moja ambayo hata mahasimu wake hawakumnyima: aliamua haraka na kufuatilia alichoamua. Alipokuwa Waziri wa Maji chini ya Rais Benjamin Mkapa, Serikali iliamua kuvuta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, hadi Shinyanga na Kahama, licha ya Misri kushikilia mkataba wa 1929 ambao Uingereza iliuingia kwa niaba ya makoloni yake kuhusu maji ya Nile. Msimamo wa kutoutambua mkataba huo ulikuwa wa Mwalimu Nyerere tangu mwanzo wa uhuru, lakini kati ya kutoutambua mkataba na kuchimba mtaro wa bomba kuna umbali mrefu, na Lowassa alikuwa miongoni mwa walioutembea. Wakazi wa Shinyanga wanaofungua bomba leo hawahitaji kusimuliwa habari hiyo.

Mfano wa City Water unafundisha zaidi, na nashangaa unavyotajwa mara chache. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni hiyo, ambayo ndani yake walikuwamo Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Huduma haikuboreka, na Mei 2005 Waziri Lowassa alitangaza hadharani kwamba mkataba umekwisha. Wiki chache baadaye wakurugenzi wa kigeni wa kampuni hiyo waliondolewa nchini. Wananchi wengi walishangilia. Jopo moja la usuluhishi liliipa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo, ushindi dhidi ya City Water mapema mwaka 2008. Jopo la pili, la kituo cha Benki ya Dunia, liliamua Julai mwaka huohuo kwamba Tanzania ilivunja mkataba wa ulinzi wa uwekezaji kati yake na Uingereza, likitaja miongoni mwa makosa ule utangazaji wa hadharani na namna mitambo ilivyotwaliwa, ingawa halikuamuru fidia yoyote kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kupoteza thamani yake. Kwa maneno mengine, uamuzi ulikuwa na sababu nzuri na utekelezaji wake ulikiuka taratibu. Mtu akisoma hukumu hiyo kisha akasoma taarifa ya Mwakyembe, ataona tabia moja ya utawala ikitoa matokeo mawili tofauti: kukata njia ya mkato pale taratibu zinapochelewesha.

Shule za kata ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Mpango wa kupanua elimu ya sekondari ulianza mwaka 2004, kabla hajawa Waziri Mkuu, kwa hiyo wanaosema ameuanzisha wanazidisha. Alichofanya ni kuwabana wakuu wa mikoa na wilaya hadi majengo yakainuka. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745; mwaka 2007 zilikuwa 3,485. Nyingi zilifunguliwa bila maabara na bila walimu wa kutosha, watu wakazibatiza shule za yeboyebo, na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo watahiniwa takribani sita kati ya kumi walipata daraja sifuri kabla matokeo hayajafutwa na kupangwa upya, yalionekana kuwapa haki waliobeza. Lakini kuna watoto wa vijijini, hasa wasichana, ambao bila shule ile yenye vumbi wangeishia darasa la saba, na baadhi yao leo ni walimu katika shule hizohizo. Kwa upande wangu naona hapa mizani inamwelemea Lowassa kwa wema, kwa sharti kwamba tukubali gharama iliyolipwa na vizazi vya kwanza vya wanafunzi.

Suala la mali zake lilikuwapo muda mrefu kabla ya Richmond. Mwaka 1995, yeye na Kikwete walipojitosa pamoja kuwania uteuzi wa CCM, inasimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere alihoji alikoupata utajiri wake akiwa bado kijana katika utumishi wa umma. Simulizi hiyo ilimfuata maisha yake yote, na nguvu yake ilitokana na msimulizi kuliko na vielelezo. Baada ya hapo kundi lililoitwa mtandao, ambalo Lowassa alikuwa nguzo yake, lilifanya kazi kwa miaka kumi kumfikisha Kikwete Ikulu mwaka 2005. Ndiyo maana anguko la 2008 lilisomwa na wengi kama ugomvi wa ndani ya mtandao. Usomaji huo una ukweli ndani yake, ila una hatari ya kufanya maudhui ya taarifa ya kamati yaonekane hayana maana, kana kwamba zabuni iliharibika kwa sababu tu watu fulani waligombana.

Mwaka 2015 ndio uliovuruga hesabu za kila mtu. Lowassa alikuwa ametumia miaka ya katikati kujijenga upya, akihutubia makanisa na misikiti, akichangia ujenzi, akirudia hoja yake kwamba ukosefu wa ajira kwa vijana ni bomu na kwamba nchi inahitaji maamuzi magumu. Julai, vikao vya CCM Dodoma vilikata jina lake mapema, wajumbe wengine wakaimba kwamba wana imani naye mbele ya mwenyekiti wao, na Magufuli akateuliwa. Tarehe 28 Julai Lowassa akajiunga na chama cha upinzani cha CHADEMA, na muda mfupi baadaye akawa mgombea wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani.

Hicho ndicho chama ambacho Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, kilisoma orodha ya mafisadi na kumweka Lowassa ndani yake. Aliyeisoma, Dk. Willibrod Slaa, aliachana na siasa za chama badala ya kumnadi mgombea huyo, na Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kingine cha umoja huo. Waliobaki walieleza kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani, maneno ambayo CCM ilikuwa ikiyatumia dhidi yao kwa miaka saba. CCM nayo, ambayo ilikuwa imemkingia kifua mbunge wake wa Monduli wakati wote huo, iligundua upya kashfa ya Richmond siku alipohama. Sijui kama kuna jambo lililoidhoofisha lugha ya kupinga ufisadi nchini kuliko kubadilishana majukumu kule, kwa sababu kila upande ulithibitisha kwamba tuhuma ilikuwa silaha ya kuazimana.

Wapiga kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97, walimchagua Lowassa, dhidi ya asilimia 58.46 za Magufuli. Lowassa aliyakataa matokeo, lakini Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais ambaye Tume imekwisha kumtangaza. Hadi wakati huo hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amefikia kiwango hicho tangu mfumo wa vyama vingi urejee. Kura hizo zimetafsiriwa na wafuasi wake kuwa msamaha wa umma. Ni vigumu kukubali hivyo moja kwa moja. Wengi waliopiga kura ile walikuwa wakiikataa CCM baada ya zaidi ya nusu karne ya utawala, na wangempigia mgombea yeyote mwenye nafasi ya kushinda. Wengine waliamini kwamba hata kama alikula, angalau alijenga. Wachache walikuwa wameisoma taarifa ya kamati na kuikataa. Sanduku la kura haliwezi kuwatenganisha watu hao.

Aliporejea CCM tarehe 1 Machi 2019, wale waliovumilia kejeli kwa ajili yake ndani ya CHADEMA ndio walioumia zaidi, na baadhi yao ndio wanaomkumbuka kwa uchungu hadi leo. Huko Monduli anakumbukwa kwa namna nyingine kabisa. Wilaya hiyohiyo ilimtoa Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyeongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983 na kufa kwa ajali ya gari Aprili 1984, na jamii ya Wamaasai inawahesabu wote wawili kuwa wana wake waliofika mbali. Kwa wengine nchini, kuwaweka Sokoine na Lowassa katika sentensi moja ni jambo la kukera. Mwaka 2020 wapiga kura wa Monduli walimpeleka bungeni mwanawe, Fredrick.

Kuna dai moja ambalo lingeweza kubadilisha picha nzima kama lingepimwa. Siku alipojiunga na CHADEMA, Lowassa alisema kwamba aliwahi kutaka kuuvunja mkataba wa Richmond lakini akazuiwa na maelekezo ya mamlaka ya juu. Hakutaja jina, na hakutoa waraka. Katika muundo wa Serikali ya Tanzania, mamlaka yaliyo juu ya Waziri Mkuu hayahitaji kutafutwa kwa tochi, ila dai lisilo na waraka linabaki dai, na ni haki kusema kwamba aliyelitoa alikuwa na sababu zote za kisiasa za kulitoa siku ile. Mwakyembe naye aliliambia Bunge mwaka 2008 kwamba yapo mambo ambayo kamati iliyaacha ili kuilinda heshima ya Serikali. Ibara ya 46 ya Katiba inamkinga Rais dhidi ya mashtaka ya jinai kwa aliyoyafanya akiwa madarakani, hata baada ya kuondoka, kwa hiyo njia ya mahakama kuelekea huko juu ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Njia ya Bunge haikufungwa na sheria yoyote: Kamati Teule ingeweza kumwita Lowassa na kumuuliza ni nani aliyempa maelekezo gani, tarehe ipi, kwa barua ipi. Haikumwita, na sasa hayupo wa kuitwa.